Nguvu Niliyomwazima Mjomba Wako

Mwanangu Zuhura,

Umetoka na shangazi yako kwenda kumuaga bibi, nami nimefunga meza yangu ya kutengeneza simu kabla ya alasiri, jambo ambalo wateja wangu wa hapa Ikwiriri watalizungumza wiki nzima. Nimekaa uani kwenye mkeka alioushona mama yako, ule wenye kona iliyoungua kwa pasi. Nina muda mpaka mrudi. Nataka barua hii uikute kitandani leo, uisome ukiwa bado nyumbani kwetu. Nilifikiria kuitia ndani ya begi uje uisomee Mwanza, nikaona huo ni woga tu, na wa kwangu umeshatosha.

Habari za kula, kulala na kujitunza sitaandika. Shangazi yako amezisema mpaka jana ukamuuliza kama mwisho kuna mtihani. Acha zibaki kwake, anazijua kuliko mimi.

Juzi ulipokuwa unakunja nguo nilikuuliza kama utashuka Kibiti kumuaga mjomba wako Salumu. Hukuinua hata uso. Ulisema, "Miye sina mjomba, baba. Mjomba gani anamwacha dada yake anakufa?" Kisha ukaniuliza kama nimeiona soksi yako nyeupe. Nikakutafutia soksi. Miaka miwili sasa, kila ukilitaja jina lake kwa chuki, mimi napata kazi nyingine ya kufanya.

Salumu hakumwacha mama yako, Zuhura. Aliyemfungia mama yako njia ni mimi, kwa kidole changu hiki cha kulia, na siku ile nilikuwa natabasamu.

Unaukumbuka ufuta wa misimu miwili tuliouuza mfululizo? Mama yako aliongezea bangili zake mbili juu ya fedha ile. Hatukutaka ikae ndani, maana fedha ikikaa ndani kila mwenye shida anaisikia harufu yake. Wakati huo wafanyabiashara waliokuja mezani kwangu walikuwa wanawalipa wauzaji wao wa China kwa dola za mtandaoni. Nikawauliza, wakanifundisha, na unanijua mimi: ukinifundisha kitu cha simu leo, kesho nakufundisha wewe. Tukakubaliana, mimi na yeye, tukanunua sarafu za mtandao ule ambao dola hizo zinapita. Nikazifunga.

Nikueleze kama nilivyomweleza yeye akiwa anachagua mchele. Kila anayetuma dola hizo, mtandao unamkata ada, na si ada ya kuchekea. Lakini mwenye sarafu akizifunga, yaani akiziacha zikae bila kuuzwa wala kuhamishwa, mtandao humpa kila siku kiasi fulani cha nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayotumika badala ya ada. Ukiitumia leo, kesho imejaa tena. Sarafu hazipungui hata moja. Na kama wewe huna cha kutuma, nguvu hiyo unaweza kumwazima mwenye akaunti nyingine akaitumia yeye. Sarafu zinabaki kwako na kwa jina lako, yeye hawezi kuzigusa. Anachopata ni nguvu peke yake.

Mama yako alipepeta ungo, akasema, "Kumbe kama shamba la bondeni."

"Hivyo hivyo," nikamwambia, nikafurahi kwamba nina mke mwenye akili.

Wewe umekulia huku kando ya barabara kuu, bonde umelijua wakati wa likizo tu, kwa hiyo nikukumbushe. Mtu wa huku akiwa na shamba asilolilima mwaka huo, humpa mwenzake alime mpunga. Ardhi inabaki ya mwenyewe. Aliyepewa anachukua nguvu ya ule udongo na yale maji, basi. Hapandi mkorosho wala mwembe, kwa sababu mti unakaa, na atakayepanda mti ameanza kudai ardhi. Mwenye shamba naye ana mpaka wake: mpunga wa mtu ukishaota, humfukuzi mpaka avune. Ukimfukuza, watu hawakwambii kitu, ila hata salamu yako msikitini inajibiwa kwa nusu mdomo.

"Na siye tukizihitaji?" mama yako aliuliza.

"Haziendi popote, Mama Zuhura. Ziko palepale."

Nilimweleza pia kwamba kuzitoa kuna hatua. Kwanza unairudisha kwako nguvu uliyomwazima mtu, halafu unazifungua sarafu, kisha unangoja wiki mbili ndipo uzishike. Akahesabu kichwani. Akasema wiki mbili si mbaya, mtu anaweza kukopa huku akingoja. "Ila usiongeze mlango mwingine juu ya huo," akasema. Nikamjibu sawa. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema kwa sababu alinionya, tena mapema, na asitokee mtu kukwambia kwamba hakujua mambo haya.

Mtandao ule unakuruhusu kuazima kwa namna mbili. Kuna ya kawaida, ambayo ukitaka kuichukua nguvu yako unaichukua. Na kuna ya kuweka kifungo cha muda, mwisho wake mwezi mmoja, ambacho ukishakiweka hata wewe mwenyewe huwezi kukivunja. Kimewekwa ili anayeazimwa awe na uhakika.

Salumu alikuwa ameanza biashara ya spea za bodaboda pale Kibiti na wenzake wawili. Nilimwazima nguvu yetu kwa namna ya kawaida, na miezi miwili mambo yakaenda vizuri. Siku moja akaja mezani kwangu. Benchi limejaa, watu wanne au watano, kila mmoja na simu yake mbovu na mdomo wake mzima. Akasema kwa adabu, "Shemeji, nashukuru sana. Ila wenzangu wana wasiwasi. Wanasema siku ukiamka vibaya ukaichomoa, mzigo wetu unakwama China."

Mmoja kwenye benchi akacheka. "Shemeji hana dhamana huyo!"

Walikuwa wanatania tu. Lakini mimi damu ilinipanda mpaka masikioni. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa muuza kahawa, "Miye nimfukuze mtu na mpunga wake shambani? Mimi?" Nikaichukua simu, nikaifungua pochi ya zile sarafu humo ndani, nikaweka kifungo cha mwezi mzima, nikaipitisha simu benchi zima kila mtu aione. Niliipitisha kama mtu anayeonyesha picha ya mjukuu wake wa kwanza.

Salumu alinishika mkono. "Shemeji, haikuwa lazima hivyo."

"Nenda kalime," nikamwambia. Watu wakapiga makofi. Nikarudi nyumbani nikiwa mrefu kuliko nilivyoondoka, na mama yako nikamwambia kwamba siku ilikuwa nzuri.

Siku ya nne baada ya hapo alianguka jikoni.

Ulikuwa kidato cha tatu, ulikuwa shule. Tulikuja kujua kwamba maumivu alikuwa nayo tangu kabla ya mwaka mpya, akiyafunga kwa kanga tumboni na kuendelea kusonga ugali. Hospitali ya Dar daktari akaukuta uvimbe, akatueleza kwa upole kwamba upasuaji ufanyike ndani ya wiki mbili, usipite hapo, na akataja gharama. Mama yako alinitazama. Hakuwa na hofu, mwanangu. Alijua kwamba fedha ipo.

Nilirudi Ikwiriri siku hiyohiyo, nikakaa kwenye meza yangu, nikabonyeza kuirudisha nguvu. Simu ikakataa. Ikanionyesha tarehe. Nikabonyeza tena, kana kwamba haikunisikia. Nikampigia Salumu nikamwambia irudishe. Alikuja kutoka Kibiti kwa pikipiki, mvua inanyesha, akaiweka simu yake mbele yangu ikiwa wazi. "Hii hapa, shemeji. Fanya unavyotaka." Tukatafuta wote wawili mpaka giza likaingia. Hapakuwa na mahali pa aliyeazimwa kurudisha. Mimi ndiye niliyeweka kifungo, na hata mimi sikuwa na ufunguo. Siku ishirini na nne zilikuwa zimebaki, na baada ya hizo, wiki mbili.

Nilitafuta mtu wa kumwomba, Zuhura. Hilo ndilo lililonitia wazimu. Maisha yangu yote nimeishi na watu ambao ukiwa na shida unaingilia mlango wa uani. Nikiwa mdogo, babu yako alimwazima shamba mtu mmoja wa Ngarambe, na mpunga wa yule bwana ulikuwa umefika magotini shangazi yangu alipoachika akarudi nyumbani na watoto watano. Babu yako aliona haya kumwendea. Alipokwenda, alichuchumaa chini ya dungu la yule bwana, kile kichanja cha kulindia mpunga, akazungumza habari za nguruwe na ndege mpaka mwenyewe akamuuliza, "Una jambo?" Aliposikia, alishuka, akachukua kamba, akaligawa shamba nusu kwa nusu na mpunga wake ukiwa umesimama. Hakutaka fidia. Sheria ya kutomfukuza mtu tunayo, lakini daima ilikuwa na mtu ndani yake, mwenye masikio. Nilichukua heshima ile ya bondeni nikaipeleka mahali ambapo hakuna wa kumchuchumalia.

Ndilo kosa langu hilo. Mtandao haukunidanganya, ulifanya kile nilichouambia mbele za watu.

Ilikuwa masika, unakumbuka ilivyokuwa. Bonde lote maji, ufuta bado shambani, kila niliyemwendea alikuwa naye anangoja mavuno. Nikauza pikipiki, nikauza vipuri vya simu kwa bei ya kutupa. Haikufika hata robo. Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita.

Sasa nakuja kwenye siku unayoijua. Ulikuwa umerudi kutoka shule, umesimama mlangoni na beseni. Majirani walikuwa wamekuja kuuliza hali ya mgonjwa, wamejaa sebuleni. Salumu akaingia amelowa, nami nikasimama nikampigia kelele: "Dada yako anakufa, na weye umekalia fedha zake!" Uliyasikia hayo. Uliwaona watu wanamtazama. Ulimwona anageuka na kuondoka bila neno, na toka siku hiyo hukumwamkia tena.

Ambacho hukukiona ni kifurushi cha nailoni alichokiweka juu ya mkeka kabla sijafungua mdomo. Ile nyumba yake ya Mchukwi isiyo na paa upande mmoja, ambayo ukipita unasema ni nyumba ya mvivu, ilikuwa na mabati yote. Alipanda juu mwenyewe kwenye mvua akayang'oa, akayauza. Fedha ya mabati ndiyo ilikuwa kwenye nailoni. Nilimfokea, alipoondoka nikaichukua, nikaihesabu.

Kwa nini nilisema vile? Nimejiuliza mara nyingi, na jibu halipendezi. Mmoja wa wale wa benchi alikuwa sebuleni. Alikuwepo siku ya kifungo, na nilimwona ameanza kufikiri. Nikaogopa atasema. Nikawahi kusema mimi, kwa nguvu, ili sauti yangu ifike kwanza. Hasira yangu yote siku ile ilikuwa hofu, mwanangu, na wewe ukaimeza kama dawa kwa sababu ilitoka kwa baba yako.

Mama yako nilimwambia. Usidhani nilimficha mpaka mwisho. Nilimwambia kitandani hospitali, nikiwa nimeinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja sahani. Aligeuka akatazama ukuta.

"Mwezi mzima?" akauliza.

"Mwezi mzima."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu."

Akacheka kidogo, akashika tumbo. "Weye na watu wako," akasema. Kisha akasema, "Zuhura utamwambia mwenyewe. Usimwachie mtu." Hakunilaumu zaidi ya hapo, na natamani angenilaumu.

Upasuaji ulifanyika wiki ya tano, kwa fedha ya mabati na mikopo na michango. Walifungua, wakakuta uvimbe umeshasambaa, wakafunga. Daktari alitoka akaniita pembeni, na kabla hajasema nilishajua, kwa sababu alikuwa ameingia ndani muda mfupi mno. Tukamzika. Siku ya nne baada ya mazishi watu bado wamekaa kwenye mikeka, simu yangu ikalia mfukoni. Nilifikiri ni pole ya mtu. Ilikuwa taarifa kwamba sarafu zangu ziko tayari kuchukuliwa. Zilikuwa zimetimia zote. Haziendi popote, nilimwambia, na kweli hazikwenda.

Nililipa mikopo. Iliyobaki sikuigusa, mkono ulikataa. Zuhura, ada ya chuo unayokwenda nayo kesho ndiyo hiyo. Nilikwambia ni ya ufuta wa mwaka huu. Si ya ufuta. Ni ya mama yako, ile ambayo haikumfikia. Ukiona huwezi kuisomea, niambie leo nitafute nyingine, sitabishana nawe. Lakini nadhani ningekuwa mwizi mara ya pili kama ningekuacha uitumie bila kujua imetoka wapi.

Fedha ya mabati nilimpelekea Salumu baada ya arobaini. Aliikataa. Nikamuuliza kwa nini anakaa kimya, kwa nini hamwambii mtoto wa dada yake ukweli. Alikuwa anafunga mnyororo wa pikipiki ya mtu, hakuacha kazi. Akasema, "Mtoto kabakiwa na mzazi mmoja. Akimkosa na huyo, kabaki na nani? Anichukie miye, shemeji. Miye sikai naye." Nami nikaondoka. Niliondoka na ofa ile kama mtu aliyepewa chai. Ameniazima jina lake miaka miwili, hakuweka kifungo chochote, siku yoyote angeweza kulichukua, na mpaka leo hajalichukua. Kila Idi unapita mbele yake na kanga mpya bila kumwamkia, na yeye anashusha macho.

Sikwambii usiazime watu. Huko uendako utaazima na utaazimwa, na mtu asiyeazima sitaki hata awe jirani yangu. Ninachokijua mimi ni kidogo: kile nilichokitoa siku ile hakikuwa changu peke yangu, na mwenzangu alikuwa nyumbani anachagua mchele, hatua mia mbili tu kutoka kwenye benchi. Ningekwenda kumuuliza. Angesema hapana, nami ningerudi nikasema mke wangu hataki, watu wangecheka mpaka adhuhuri, na leo angekuwa yeye anayekukunjia nguo. Siku nyingine nikiwa na bisibisi mkononi nasikia vile vicheko ambavyo sikuvikubali. Vingekuwa vya asubuhi moja tu.

Ijumaa iliyopita nilikwenda Mchukwi. Tulikaa upande wa nyumba wenye paa. Nilimwambia nataka kukwambia. Akasema, "Umechelewa, shemeji. Lakini mwambie." Kisha akaniuliza basi lenu ni lipi na litapita Kibiti saa ngapi. Nikamwambia. Akasema atasimama stendi, ng'ambo ya barabara, asikuzuie. "Akitazama nje ataniona. Asipotazama, miye nitakuwa nimeliona basi lake."

Nasikia sauti ya shangazi yako huko njiani, anakusimulia kitu na wewe unacheka. Unacheka kama mama yako, kwanza kimya halafu ghafla. Ninaogopa, mwanangu. Naogopa kwamba hiki ndicho kicheko chako cha mwisho kuingia uani kwangu.

Kesho alfajiri nitakuwa kibarazani. Begi lako nitakuwa nimeshalitoa nje, ili usilazimike kuniomba nikusaidie. Ukitaka kunipa mkono, nipe. Ukitaka kupita, pita, sitakuita. Ila basi likifika Kibiti, Zuhura, fungua dirisha.

Baba yako